Msinijali, Kunyweni Chai Yenu

Maziwa yalituishia jioni, wakati giza linaanza kuteremka mashambani.

Nilikuwa chini ya mti, kwenye kile kibanda cha magurudumu walichokuwa wakilala wachungaji wa kondoo zamani, nikingoja birika lichemke. Mwisho wa Oktoba huku kwetu Lincolnshire jua halina subira. Ukimaliza kuosha vyombo vya mchana, limeshaondoka. Niliinamisha jagi, likatoka tone moja. Na mtu wa kwetu ukimpa chai bila maziwa, heri ungemtukana.

Juu ya kichwa changu, kwenye matawi ya mwaloni, kulikuwa na nyumba. Nyumba kamili, yenye kitanda, jiko la kuni na dirisha linalotazama mnara wa kanisa la Scarrowby. Humo walilala binti yangu Bryony, mumewe Callum, na mjukuu wangu Wilf, ambaye alikuwa hajaota hata jino. Nilipoambiwa likizo yetu itakuwa juu ya mti nilimuuliza Callum, "Mkwe wangu, watu walishashuka mitini zamani. Wewe unarudi kufuata nini huko?" Akacheka. Callum kila kitu kwake ni kicheko.

Goti langu la kulia ni bovu, ndiyo maana nikapewa kibanda cha chini. Ngazi ile niliipanda mara moja kwa siku, saa ya chai, nikiilaani kidato kwa kidato.

Basi jioni hiyo nikasimama chini ya ngazi, nikaita kwa sauti ndogo nisimwamshe mtoto.

"Bry! Naenda kwa Giles kuchukua maziwa."

Kwenye tundu la mlango wa sakafuni ukachungulia uso wa yule bibi.

"Amelala, kipenzi," akaninong'oneza. "Wamelala wote wawili. Nenda tu. Mimi nipo."

Nikamshukuru.

Ndiyo. Nilimshukuru.

Inabidi mjue hali yetu ilivyokuwa. Bryony alipoteza mimba mbili kabla ya Wilf. Huyu wa tatu alipozaliwa salama, mwanangu aliacha kulala. Kila saa anaweka mkono kwenye kifua cha mtoto kuona kama kinapanda na kushuka. Alikonda akabaki macho tu. Likizo ile ilikuwa ya kumpumzisha, na kwa kweli ilimpumzisha, kwa sababu ya susu.

Giles Cawkwell, mwenye shamba na mwenye nyumba ile ya mtini, alisikia tunakuja na mtoto mchanga, akatuchongea susu la kubembeza kwa mikono yake. Lilikuwa zuri, jepesi, vijiti vyeupe vilivyopigwa msasa vikawa laini kama sabuni. Wilf, aliyekuwa halali nyumbani hata ukimwimbia mpaka koo likauke, aliwekwa mle siku ya kwanza akalala usingizi wa pono. Bryony alilia kwa furaha. Kisha na yeye akalala.

Na yule bibi?

Tulipofika tulimkuta juu, amekaa kwenye kiti cha pembeni, amevaa sweta la kijani lililochakaa. Nywele zake nyeupe zilisimama kama povu. Giles alikuwa nyuma yetu na mabegi, akamwinamishia kichwa kwa heshima. Sisi tukaona, eh, huyu ni mama yake, amekuja kutukaribisha. Tukasalimia. Akatabasamu, akasema, "Msinijali, kunyweni chai yenu."

Tukanywa.

Kila jioni alikuwa hapo. Hakuomba kitu, hakusumbua. Alikuwa na harufu kidogo, harufu ya majani yaliyofikichwa iliyokaribiana na mkojo wa panya, lakini mtu huwezi kumwambia mzee wa watu kwamba ananuka. Siku ya kwanza alikaa pembeni. Siku iliyofuata kiti chake kilikuwa karibu na jiko. Mara nikamwona amekaa ubavuni mwa susu, kidole kimoja kikilisukuma. Kwiii... kwiii... Nilimsifia Wilf kwake, kama tunavyofanya mabibi. Yeye akapapasa ubao.

"Limechongwa vizuri," akasema. "Ni mti mzuri. Naujua."

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kwetu sisi anayeuliza ndiye hana adabu. Umkute mgeni kwenye chumba chako, utamuuliza kama anapenda sukari. Kumuuliza wewe nani, hapana. Utakufa na swali lako moyoni.

Nikashika njia ya kwenda kwa Giles. Ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka mtaroni, mzito, wa kulamba magoti. Callum alikuwa baa, akitazama mpira. Mfukoni nilikuwa na kile kidude cha kusikilizia mtoto, maana Bryony hakubali kiwe mbali na mtu wa familia. Kilikuwa kinakoroma taratibu. Nilisikia pumzi za Wilf. Nilisikia susu. Kwiii... kwiii...

Nilisikia na mtu anaimba bila maneno, kooni tu.

Nikafurahi, nikasema moyoni, bibi wa watu ana roho nzuri. Nilipopita geti la malisho kidude kikakwaruza, kikanyamaza. Ni mbali mno, niliwaza, nikaendelea.

Giles alinifungulia mlango wa jikoni, ana unga mpaka kwenye nyusi. Mtu mnene, mpole, mwenye aibu ya kitoto. Alikuwa anaoka mkate wa zabibu kwa ajili yetu.

"Ingia, Noreen, ingia. Maziwa? Chukua chupa nzima. Mtoto anaendeleaje?"

"Analala, Mungu akubariki. Ungelichonga hilo susu mapema tungekuletea wajukuu wote wa mji."

Akawa mwekundu kwa sifa. Akanifungia chupa kwenye karatasi, akasema, "Na mama yako naye, maashallah, ana nguvu. Umri ule, anapanda ngazi ile kila siku! Wewe mwenyewe goti linakushinda."

Nikacheka. "Mama yangu? Mama yangu amelala makaburini Louth tangu Bryony akiwa shule."

"Basi mama wa Callum."

"Mama wa Callum yuko Hispania na mume mpya, anaungua jua."

Giles akaacha kufunga ile karatasi.

"Yule mwenye sweta la kijani," akasema polepole.

"Giles," nikasema. "Si ni mama yako?"

Uso wake ulikuwa unapauka chini ya ule unga. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, mkate unanukia, na sisi wawili tumesimama pale watu wazima, kila mmoja amemwachia mwenzake mgeni asiye wa mtu.

"Nywele zake," akaninong'oneza. "Ni kama povu? Kama... maua?"

"Giles, ni nani yule?"

"Ana harufu?"

"Ni nani!"

Akakaa kitini kwa kishindo. Akaniambia huku anatazama mikono yake. Kwenye kona ya shamba lake kuna mti wa elda, mkongwe kuliko kanisa, ule mti wa maua meupe na matunda meusi tunayotengenezea mvinyo. Huukati hivi hivi. Mababu walisema ndani yake anakaa mwenyewe, wakamwita Bikizee. Ukitaka hata kijiti, unavua kofia, unaomba. "Bikizee, nipe mti wako, nami nitakupa wangu nitakapokuwa mti." Kisha unangoja. Akinyamaza, amekubali. Ndipo unakata.

"Baba alikuwa akiomba kila mara," Giles akasema. "Na mimi naomba kila mara. Lakini siku ile alikuwepo kijana aliyekuja kupiga picha za tangazo la nyumba. Akasema, kata mti nikupige video, wageni wanapenda. Kamera iko usoni pangu, Noreen. Ningevua vipi kofia niongee na kichaka? Angenicheka. Wangenicheka watu wote."

"Ukakata bila kuomba."

"Nikakata bila kuomba."

"Ukatengeneza kitanda cha mjukuu wangu."

Alianza kulia. Sikumngoja. Chupa niliiacha mezani.

Nilikimbia. Mimi, na goti lile. Ukungu ulikuwa umefika kifuani, sioni mabuti yangu mwenyewe. Nyuma nilisikia Giles anakuja anahema, tochi yake inarukaruka bila kuonyesha kitu. Nilitoa kidude mfukoni nikakishika sikioni. Kimya... kimya... Nikapita geti.

Kikakwaruza.

Kwiii... kwiii...

Nilisikiliza pumzi za Wilf. Nilitega sikio kama Bryony anavyoweka mkono. Susu lilikuwepo. Sauti ya kooni ilikuwepo.

Pumzi hazikuwepo.

"Bryony!" nikapiga kelele. "Bryony, amka! Mchukue mtoto!"

Kwenye kidude nikasikia mtu anasema, taratibu, "Shhh, kipenzi. Utawaamsha."

Sijui nilifikaje kwenye mwaloni. Nilizishika pande za ngazi nikapanda, goti linalia kama bawaba, na kila kidato nilikuwa namwita mwanangu. Juu, mlango wa sakafuni ulikuwa umefungwa. Nikausukuma kwa mikono. Nikausukuma kwa kichwa. Haukutikisika. Haukuwa na kufuli wala komeo mlango ule, ni ubao tu wa kuinua kwa kidole. Ilikuwa kana kwamba juu yake kumeota shina.

Giles akapanda nyuma yangu, akapenyeza bega lake nene, akasukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

Hakuna.

Harufu ikateremka kwenye nyufa za sakafu, majani na mkojo wa panya, nzito mpaka machozi yakatutoka. Na juu yetu, karibu kabisa, upande wa pili wa ubao, mtu akavuta pumzi.

"Nipe mtoto," nikasema.

"Mngeniomba, ningewapa," akajibu. Hakuwa na hasira. Sauti ilikuwa ileile ya saa ya chai. "Kijiti kimoja, shina zima, ningewapa. Sijawahi kumnyima mtu aliyeomba."

"Sema!" nikamnong'oneza Giles. "Sema yale maneno!"

Giles alivua kofia. Mle gizani, amening'inia kwenye ngazi, alivua kofia. "Bikizee... nipe mti wako... nami nita..."

"Umechelewa, Giles. Mti wangu umeshapigwa msasa."

Basi nikasema mimi. Nilisema kwa sauti yote niliyobaki nayo: nichukue mimi. Nitakupa wangu, leo, sasa hivi, usingoje niwe mti. Nichukue hata hapa hapa. Mwache mtoto.

Alikaa kimya kidogo. Nikaanza kutumaini.

"Wako umekauka, kipenzi," akasema kwa huruma. Kwa huruma kabisa! "Lakini mimi nilifunzwa adabu, siwezi kuchukua cha mtu bila kuomba. Kwa hiyo naomba. Huyu mdogo, nipeni mti wake, atakapokuwa mti. Mnasemaje?"

Nilifungua mdomo.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Hapana. Mtoto wa miaka miwili analijua. Lakini pumzi niliimalizia kwenye njia na kwenye ngazi, na ile harufu ilikuwa imenijaa mdomoni, chungu, kama nimetafuna kichaka kizima. Ulimi haukunyanyuka. Nilimtazama Giles. Mdomo wake ulikuwa wazi vilevile, haumtoki hata mkwaruzo. Nikapiga ubao kwa ngumi. Nikatikisa kichwa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, nikisahau kwamba kuna ubao katikati yetu na hanioni.

"Mmenyamaza," akasema.

Kisha, kama mtu anayeondoka mezani: "Ahsanteni. Na kwa chai pia."

Ubao ukawa mwepesi. Nilikuwa bado nimeuegemea, ukafunguka ghafla nikaangukia ndani kwa kifua.

Taa ilikuwa inawaka. Jiko la kuni lilikuwa na moto mzuri. Bryony amelala chali, mkono umening'inia kando ya kitanda, uso umetulia kama alipokuwa msichana. Kiti kilikuwa kitupu. Susu lilikuwa linasimama lenyewe, kwiii... kwi... na ndani yake Wilf alikuwa macho, mzima, mashavu mekundu, ananitazama. Nikamnyakua. Nikamwekea mkono kifuani. Kilipanda. Kikashuka.

"Mama?" Bryony akafumbua macho. "Kuna nini? Mbona unamshika hivyo? Yule bibi yuko wapi?"

Sauti yangu ilikuwa imerudi. Ilirudi wakati haina kazi.

"Ameondoka," nikasema.

Tuliondoka usiku uleule, Callum ananuka bia na kulalamika kwamba hatuwezi kupoteza likizo kwa ajili ya kikongwe fulani wa kijijini mwenye akili pungufu. Aliita hivyo. Polisi waliokuja kesho yake waliita hivyo pia, wakazunguka kijiji, hawakumpata mwenye sweta la kijani, wakapewa chai, wakaenda zao. Giles alilibomoa susu, akavirudisha vijiti kwenye kona ya shamba na kuvilaza chini ya elda. Nyumba ya mtini aliifunga. Nimeambiwa anakwenda pale kila asubuhi, amevua kofia, mvua ikinyesha anyeshewe, anaomba arudishiwe lile neno tuliloshindwa kulisema. Nilimpigia simu kumuuliza anajibiwa nini.

"Hanijibu," akasema.

"Akinyamaza si ndiyo amekubali?"

"Ndiyo, lakini sijui kakubali nini, Noreen. Sijui."

Majira yale ya baridi Wilf alilala sana. Bryony alifurahi. Alilala yeye pia, akanenepa kidogo, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia. Mtoto mchanga kulala ni habari?

Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kuanguka, aliacha kula. Akalala Jumapili mchana, tukashindwa kumwamsha. Tukamkimbiza hospitali. Walimtoa damu, wakampiga picha kichwa, wakamtazama kwa kila chombo walichonacho. Moyo unapiga, polepole mno, lakini unapiga. Hana homa wala ugonjwa. Daktari, dada mmoja mwema sana, aliniambia kwa kunong'ona kwenye korido, "Bibi, mtoto huyu hana tatizo lolote. Amelala tu, kama mti wakati wa baridi." Kabla ya Krismasi akaamka, akadai ndizi, na alikuwa mrefu kuliko alivyolala.

Mwaka wa kufuata hakuamka Krismasi. Zawadi zake zilikaa chini ya mti wetu wa plastiki mpaka Callum akazifunika kwa shuka, hawezi kuzitazama. Callum hacheki siku hizi.

Mwaka jana alilala majani yalipokwisha, akaamka barabara zote zimejaa maua ya manjano ya masika. Bryony alikaa kando ya kitanda miezi yote hiyo, mkono kifuani. Pumzi moja. Unangoja. Unangoja tena. Ukishakata tamaa, nyingine inakuja. Amerudi kuwa macho tu, mwanangu. Nilimwambia kila kitu mwishowe, nikidhani atanipiga. Aliniuliza swali moja: "Usiku mmoja ukiwa mrefu kuliko mwaka, Mama, itakuwaje?"

Kiangazi ni mtoto kama watoto wengine, tena mchangamfu. Anakimbia pekupeku, anaiba stroberi za jirani, ananitania kwa mwendo wangu. "Bibi, unatembea kama bata!" Jirani anasema hajaona mtoto mwenye afya kama yule. Ni kweli. Anapendeza mno.

Leo asubuhi alisukuma bakuli la uji pembeni.

Bryony alilichukua bakuli, akalimwaga, akaliosha, akalikausha, akaendelea kulikausha. Mchana Wilf alikaa dirishani na blanketi lake. Jioni akapiga miayo, mwayo mrefu wa kuonyesha meno yote madogo, na Callum akatoka nje akasimama bustanini na mgongo kwetu.

Nikambeba mimi mpaka kitandani. Goti si kitu. Nikamvua soksi, nikamfunika, nikamwachia taa. Nimeshatimiza miaka sabini na minne, na moyo wangu nao una vidonge vyake. Alinishika kidole.

"Bibi," akasema, macho yanafumba. "Nikiamka utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mjukuu wangu. Niende wapi?"

Lakini alikuwa ameshalala.